Hadubini si moja: tuchague kwa swali, kisha tuzitoe kabatini

Mwanafunzi wa Taita Taveta anaweza kufanya mtihani wa KCSE wa Biolojia, akapata alama nzuri, na asiwe amewahi kuinamia hadubini hata mara moja. Ataichora vizuri na kuzitaja sehemu zake zote. Karatasi ya tatu, ile ya vitendo, mara nyingi humletea picha zilizokwisha kupigwa, naye hujibu kwa kuzitazama picha hizo. Cheti kinatoka na chombo chenyewe hakijaguswa.

Mimi hufundisha Biolojia hapa Wundanyi, na jambo hili linanikera kwa sababu ya kinachokuja baada ya mtihani. Ni miongoni mwa wanafunzi hawa ndimo watakamotoka wataalamu wa maabara wa Wesu, wa Mwatate, wa Taveta na wa hospitali ya rufaa ya Moi kule Voi. Siku moja mmoja wao atachukua tone la damu ya mtoto wako mwenye homa, alitazame, kisha aseme kuna malaria au hakuna. Siku hiyo utatamani awe alianza kuzoea kazi hiyo mapema.

Leo nataka kueleza aina za hadubini na kazi ya kila moja, nikitumia mifano ya milima yetu hii. Hoja yangu ni moja. Hakuna hadubini iliyo bora kuliko zote. Bora ni ile inayojibu swali ulilo nalo. Na maswali mengi tuliyo nayo hapa yanajibiwa na hadubini ya kawaida, ile ambayo shule nyingi tayari zinayo lakini zimeifungia kabatini.

Majina na vipimo

Kwanza tuondoe mkanganyiko wa majina. Darubini ni neno lililotoka Kiajemi na maana yake ni kuona mbali. Ndiyo ile ya kutazamia nyota, au ndovu wa Tsavo kutoka juu ya kilima. Hadubini ni ya kuonea vitu vilivyo karibu lakini vidogo mno. Wapo wanaosema maikroskopu, na wapo wanaoziita zote mbili darubini. Tutaelewana tu, ila humu nitasema hadubini.

Pili, vipimo. Milimita moja tunaijua kutoka kwenye rula. Igawanye mara 1,000 upate maikromita. Gawanya maikromita hiyo mara 1,000 tena upate nanomita. Unywele wa binadamu una unene wa takriban maikromita 70. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hadi 8. Bakteria wa kifua kikuu ana urefu wa maikromita 2 hadi 4. Virusi vingi vyenyewe hupimwa kwa nanomita. Ukiikumbuka ngazi hii, utajua upesi ni hadubini ipi inayohitajika.

Tatu, kukuza si kila kitu. Simama Wundanyi usiku utazame gari likipanda kutoka Mwatate. Likiwa mbali, taa zake mbili huonekana kama taa moja. Likikaribia, zinaachana na unaona ni mbili. Uwezo huo wa kuonyesha vitu viwili kuwa ni viwili ndio tunaouita uwezo wa kutenganisha. Ukipiga picha ya gari lile likiwa mbali, kisha uikuze kwenye simu, utapata taa moja kubwa isiyo na ncha. Hutapata mbili.

Hadubini nayo ni hivyo hivyo. Mwaka wa 1873, Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba nuru yenyewe inaweka mpaka. Hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nanomita 200, hata ukiongeza lenzi juu ya lenzi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia chombo chake cha bei nafuu kinakuza mara 5,000, muulize kinatenganisha nini. Usinunue ukungu uliokuzwa.

Lenzi ya mkononi na hadubini ya macho mawili

Ngazi ya kwanza ni lenzi ya mkononi, inayokuza mara 10 hivi. Usiidharau. Chuma jani la sukuma wiki lililojikunja, ligeuze, ulitazame kwa lenzi hiyo. Utawaona vidukari wamejipanga kando ya mishipa ya jani wakifyonza utomvu, na ukiwa na subira unaweza kumwona mmoja akizaa mtoto aliye hai, bila yai. Mkulima aliyeona hivyo haulizi tena kwa nini wadudu wake wanaongezeka haraka namna ile.

Tena lenzi moja iliyosagwa vizuri inaweza kufanya makubwa. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, aliona bakteria katika miaka ya 1670 kwa vyombo vya lenzi moja alivyovitengeneza kwa mikono yake. Chombo chake kimojawapo kilichobaki hukuza zaidi ya mara 200.

Ngazi inayofuata ni hadubini ya stirio. Ina macho mawili, mwanga wake hutoka juu, na hukuza kati ya mara 10 na 40 kwa kawaida. Faida yake ni kwamba unakiona kitu kizima, kikiwa na kina chake, bila kukikata. Mchunguzi wa wadudu huitumia kumtambua mbu: huyu ni Anofelesi anayeweza kueneza malaria, yule ni Kulesi anayetusumbua usiku tu au anayebeba magonjwa mengine. Kwa chombo hicho hicho, afisa wa kilimo humchunguza kiwavi aliyeokotwa kwenye mahindi. Akiona alama ya herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne yaliyopangwa mraba karibu na mkia, anajua ni kiwavijeshi vamizi, na ushauri wake kwa mkulima unabadilika.

Swali la ngazi hizi mbili ni hili: huyu ni nani? Kwa swali hilo, hadubini ya mamilioni haina faida yoyote ya ziada.

Hadubini ya mwanga, kazi ya kila siku

Sasa tufike kwenye ile inayochorwa vitabuni. Hadubini ya mwanga hutumia lenzi za ngazi mbili. Kitu huwekwa juu ya kipande cha kioo kiitwacho slaidi, mwanga hupita kutoka chini, lenzi iliyo karibu na kitu hukuza picha, na lenzi ya jicho huikuza tena. Hesabu yake ni kuzidisha. Lenzi ya jicho ikiwa ya 10 na ya chini ikiwa ya 40, unaona kitu kimekuzwa mara 400. Ukiweka ya 100 pamoja na tone la mafuta maalumu kati ya lenzi na slaidi, unapata mara 1,000.

Hesabu hii hutufikisha kwenye ukubwa halisi wa kitu. Ikiwa picha ya seli iliyokuzwa mara 400 ina upana wa milimita 40, gawanya 40 kwa 400. Unapata milimita 0.1, yaani maikromita 100. Ni swali la mtihani, lakini pia ndilo linalomfanya mtoto aelewe kwamba kile anachokiona ni kitu cha kweli chenye ukubwa wake.

Mwingereza Robert Hooke alitumia hadubini ya namna hii kutazama kipande cha gome la mti, lile jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, na katika kitabu chake cha 1665 akaviita vyumba alivyoviona seli. Sisi hatuhitaji vizibo. Kitunguu kimoja kutoka soko la Wundanyi kinatosha darasa zima. Bandua utando mwembamba ulio kati ya magamba yake, uutandaze juu ya slaidi, weka tone la iodini, funika kwa kioo chembamba. Mwanafunzi akiinama ataona vyumba vilivyopangwa kama matofali, kila kimoja na kiini chake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sijui chombo kinachotimiza methali hiyo kuliko hiki.

Kasoro yake ni kwamba seli nyingi hazina rangi, hivyo nuru hupita bila kuonyesha kitu. Ndiyo sababu tunatia rangi, na rangi nyingi huua seli. Mholanzi Frits Zernike alibuni njia ya kugeuza tofauti ndogo za mwendo wa nuru ndani ya seli zikawa tofauti za weusi na weupe, ili seli hai itazamwe bila rangi. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1953. Hadubini za aina yake ndizo hutumiwa kutazama mbegu za kiume zikiogelea au seli ikigawanyika.

Damu, makohozi na choo

Ukitaka kujua uzito wa hadubini ya mwanga, nenda hospitalini. Novemba 1880, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran, akiwa Constantine nchini Algeria, alitazama damu mbichi ya askari mgonjwa akaona vimelea vikicheza ndani yake. Ndiyo mara ya kwanza binadamu kuona kinachosababisha malaria.

Leo mtaalamu wa maabara hupaka tone la damu kwa njia mbili. Tone nene hukusanya damu nyingi mahali padogo, kwa hiyo hujibu swali la kwanza: vimelea vipo? Utando mwembamba huacha chembe za damu zikiwa zimetandazwa moja moja, na hujibu swali la pili: ni vimelea vya aina gani, na vimeingia katika chembe ngapi? Baada ya kutia rangi ya Giemsa, mtaalamu hutumia lenzi ya 100 na mafuta. Kabla ya kusema hakuna malaria, anatakiwa awe amepitia angalau maeneo 100 ya tone nene. Fikiria kazi hiyo kwa mtu mwenye foleni ya wagonjwa 30 na lenzi iliyochafuka.

Mtu ataniambia siku hizi kuna kipimo cha haraka, kile cha tone moja na mistari miwili. Ni kweli, na kimeokoa wengi. Lakini kinajibu ndiyo au la. Hakihesabu vimelea. Na aina inayotumika sana inaweza kuendelea kusema ndiyo wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona, kwa sababu hutafuta masalio ya kimelea, hakitafuti kimelea chenyewe. Mgonjwa akirudi na homa baada ya dawa, swali ni kama vimelea vinapungua au vinaongezeka. Hilo linajibiwa na jicho juu ya slaidi.

Kwetu swali hili si la vitabuni. Huku juu baridi huwapunguza mbu, na wengi tuliokulia milimani hatujajenga kinga kama walioishi na malaria maisha yao yote. Kijana wa Wundanyi akienda kufanya kazi Taveta kwenye mashamba ya ndizi, anarudi na homa inayoweza kuwa malaria kali, au homa nyingine kabisa inayohitaji dawa nyingine.

Taveta yenyewe ina historia yake katika jambo hili. Kati ya 1954 na 1959 kulikuwa na Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta, ulioendeshwa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanganyika kwa ushirikiano na watafiti wa Amani, katika milima ya Usambara. Nyumba zilipulizwa dawa ya dieldrini ndani kwa ndani. Malaria ilishuka sana, na upulizaji uliposimamishwa ikaanza kurudi polepole. Tunajuaje kwamba ilishuka na kwamba ilirudi? Kwa sababu kulikuwa na watu walioketi wakisoma slaidi za damu kijiji baada ya kijiji, mwaka baada ya mwaka. Bila hadubini, mpango mzima ungebaki kuwa harufu ya dawa na maneno ya watu.

Kifua kikuu kinatufundisha jambo lingine. Kwa hadubini ya kawaida, makohozi hutiwa rangi nyekundu na bakteria huonekana kama vijiti vyekundu juu ya usuli wa buluu. Lakini wanatakiwa wawe wengi, takriban 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita ya makohozi, ndipo waonekane. Mgonjwa mwenye bakteria wachache atapita bila kugunduliwa.

Hapo ndipo inapoingia hadubini ya mng'ao. Makohozi hutiwa rangi inayong'aa ikipigwa na mwanga wa buluu, kisha bakteria huwaka kama vimulimuli gizani. Kwa kuwa wanaonekana wazi, mtaalamu hutumia lenzi ndogo, anatazama eneo kubwa kwa muda mfupi, na hawapiti kwa urahisi. Zamani taa zake zilikuwa ghali na zenye zebaki. Zilipokuja taa za LED, zinazotumia umeme kidogo na kudumu muda mrefu, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2011 zichukue nafasi ya zile za zamani.

Siku hizi kipimo cha kwanza cha kifua kikuu ni mashine inayotafuta jeni za bakteria, ambayo huwagundua hata wakiwa wachache. Je, hadubini imestaafu? La. Mashine hiyo inaweza kuona jeni za bakteria waliokwisha kufa, kwa hiyo haifai kufuatilia kama dawa inafanya kazi. Kwa swali hilo mgonjwa hurudishwa kwenye slaidi.

Choo nacho kina habari zake. Yai la mnyoo wa askari, yule mrefu wa tumboni, lina urefu wa maikromita 60 hivi. Huhitaji lenzi ya 100 wala mafuta. Ile ya 10 inatosha kulipata. Dispensari yenye hadubini ya kawaida inayofanya kazi haina sababu ya kubahatisha minyoo.

Ngozi ya mama na meno ya watoto wake

Kuna kiumbe wa milima hii ambaye kisa chake kinaonyesha jinsi hadubini mbili tofauti zinavyojibu maswali mawili tofauti. Ukilima shamba lenye unyevu hapa Taita huenda umemfukua: mrefu, mwenye pingili kama mnyoo mkubwa, rangi ya kijivu inayokaribia nyeusi. Wengi humkata kwa jembe wakidhani ni nyoka. Si nyoka wala si mnyoo. Ni amfibia asiye na miguu, ndugu wa chura, mwenye uti wa mgongo na meno. Wanasayansi humwita Boulengerula taitana, na jina hilo la pili ni la Taita yetu.

Watafiti waligundua kwamba mama wa jamii hii hukaa na watoto wake ardhini, na kwamba watoto hukua ilhali hawaonekani wakitafuta chakula. Wanakula nini? Alexander Kupfer na wenzake, akiwemo Mark Wilkinson wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya London, walitoa jibu katika jarida la Nature mwaka wa 2006. Watoto hula ngozi ya mama yao. Humparua tabaka la juu la ngozi, nayo humea tena, na mama hajeruhiwi.

Kuwaona wakifanya hivyo kulikuwa nusu ya jibu. Je, ile ngozi ni chakula kweli? Walichukua vipande vya ngozi, wakavikata vyembamba sana, wakavitia rangi na kuvitazama kwa hadubini ya mwanga. Ngozi ya mama mwenye watoto ilikuwa imenenepa hadi mara mbili ya ile ya jike asiye na watoto, na seli zake za juu zilikuwa zimejaa mafuta. Ni kama maziwa yaliyowekwa ngozini.

Swali la pili: watoto wanaiparuaje? Meno ya kiumbe mdogo hivyo, yenye ncha ndogo zaidi, yalihitaji hadubini nyingine, ile ya elektroni inayosoma uso wa kitu. Picha zake zilionyesha meno ya utotoni yasiyofanana na ya wakubwa, yenye umbo la kukwaruza na kushika. Hadubini moja ilisoma ndani ya ngozi, nyingine ikasoma sura ya jino. Ungezibadilishana, usingepata jibu lolote. Na ugunduzi huo uliosomwa dunia nzima umetoka katika udongo tunaoulima kila msimu.

Panapoishia mwanga

Hadubini ya elektroni ilizaliwa Berlin mwaka wa 1931 mikononi mwa Ernst Ruska na Max Knoll. Badala ya nuru hutumia miale ya elektroni, na badala ya lenzi za kioo hutumia sumaku. Kwa kuwa mawimbi ya elektroni ni mafupi mno kuliko ya nuru, ule mpaka wa nanomita 200 unavunjika. Ruska alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1986, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Zipo za aina mbili kuu. Ya kwanza hupenyeza elektroni katika kipande chembamba sana, chini ya nanomita 100, na huonyesha yaliyomo ndani ya seli: utando wake, mitokondria, hata virusi vilivyojificha. Ya pili ndiyo iliyotazama meno ya wale watoto. Husoma uso wa kitu na kutoa picha yenye kina. Zote mbili zinataka ombwe, mahali pasipo hewa, kwa hiyo kwa kawaida kinachotazamwa kimekufa na kukaushwa. Picha zake pia huwa nyeusi na nyeupe. Rangi unazoziona magazetini zimetiwa baadaye.

Kwa chombo cha aina ile ya kwanza, Frederick Murphy alipiga picha ya virusi vya Ebola huko Atlanta, Marekani, Oktoba 1976, baada ya mlipuko wa Zaire. Vilionekana kama uzi uliojipinda, wenye unene wa nanomita 80 hivi. Hakuna hadubini ya hospitali zetu ambayo ingeweza kuonyesha hilo.

Hata hivyo, kuna swali ambalo hadubini haimalizi. Hapa Wundanyi kuna kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Helsinki. Mwaka wa 2018, katika maeneo ya Taita, popo mmoja alinaswa na watafiti, wakiwemo wa Helsinki na wa Nairobi, na ripoti yao ya 2019 ikasema alikuwa na virusi vya Bombali, vya jamii ya Ebola, vilivyokuwa vimetambuliwa kwanza Sierra Leone. Hadi leo haijathibitika kwamba virusi hivyo vimewahi kumfanya mtu mgonjwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuchoma mapaa ili kuwafukuza popo. Ninachotaka uone ni hiki: virusi hivyo vilitambuliwa kwa kusoma jeni. Hadubini ya elektroni ingeweza kuonyesha umbo la uzi, lakini ndugu hawa hufanana umbo. Nani hasa ni nani, jeni ndizo husema.

Ukungu wa aina mbili

Sasa turudi kabatini. Nimewahi kuingia maabara ya shule moja ambayo sitaitaja, nikakuta hadubini bado zimefungwa plastiki ya dukani, vumbi juu ya masanduku. Sababu niliyopewa ni kwamba wanafunzi watazivunja. Ninaielewa hofu hiyo. Kifaa kikiharibika mwalimu ndiye huulizwa. Lakini katika milima hii, hadubini isiyotumika nayo huharibika.

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili: ukungu unaotanda Wundanyi asubuhi, na ukungu unaoota juu ya mkate. Hadubini iliyofungiwa kwenye kabati lenye unyevu hupatwa na wa kwanza, kisha wa pili humea juu ya lenzi na kula tabaka lake. Ukifika huko, hata fundi hakusaidii sana.

Utunzaji wake hauna siri. Ibebe kwa mikono miwili, mmoja kwenye mkono wake na mwingine chini ya kitako. Futa mafuta kwenye lenzi ya 100 kila baada ya kazi, kwa karatasi laini ya lenzi, kamwe si kwa upindo wa shati. Ihifadhi na pakiti za kunyonya unyevu, zile zinazokuja ndani ya masanduku ya viatu na vifaa vya umeme. Umeme ukipotea, tumia yenye kioo cha chini na mwanga wa dirishani, ila usikielekeze kioo hicho kwenye jua moja kwa moja, kwani utaumiza jicho lako.

Shule yenye hadubini moja na wanafunzi 50 haijakwama. Mwalimu akiweka kamera ya simu yake juu ya lenzi ya jicho, darasa zima litaona seli ya kitunguu kwa pamoja, kisha kila mmoja apewe zamu yake ya kuinama. Ipo pia hadubini ya karatasi iitwayo Foldscope, iliyobuniwa na Manu Prakash na mwanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Stanford na kutangazwa 2014. Vifaa vyake vilikadiriwa kugharimu chini ya dola moja, na hukuza takriban mara 140. Haitoshi kusoma malaria, lakini kwa kitunguu, vidukari na maji ya bwawa inatosha kabisa.

Kwa wazazi na wanakamati wa bodi za shule, nina ombi. Mtaala wa umilisi umeleta njia ya sayansi na teknolojia katika shule za sekondari ya juu, na kila shule itataka kujisifu kwamba ina maabara. Mkialikwa kwenye mkutano, msiridhike na kuonyeshwa jengo. Ulizeni hadubini ni ngapi, ni ngapi zinafanya kazi, wanafunzi wangapi wameitumia muhula huu, na ni nani anayezisafisha. Shule zilizo karibu zinaweza kuazimana, na kaunti inaweza kumtafuta fundi mmoja azunguke kutoka Taveta hadi Wundanyi kila mwaka. Hilo ni nafuu kuliko kununua nyingine.

Na kwako mwanafunzi: mwombe mwalimu wako akufungulie kabati wiki hii. Beba kitunguu.